Uzi wa Inchi Sita

Simu iliita saa moja jioni, nikipima kiuno cha mteja.
Harbin. Lakini sauti haikuwa ya Aikande,
ilikuwa ya mwenzake wa chumba, binti wa Kilosa:
"Mama, usishtuke. Wamempasua kidole tumbo.
Ameamka. Ameulizia chai."
Nilishtuka.
Kwao, alisema, ilikuwa saa sita usiku, na theluji imefika dirishani.

Nikampigia kaka yake, Maskati,
ambako kutwa yuko juu ya ngazi akitengeneza viyoyozi vya watu:
"Aminieli, dada yako amelazwa.
Alhamisi ukitoka kazini nenda ukamwone,
umpelekee supu, Jumamosi urudi.
Si mko bara moja?"

Akanyamaza. Nikasikia feni ikizunguka.
"Mama," akasema, "Asia si Mwika na Marangu."

Nikamjibu kwa maneno ambayo hadi leo nayatafuna peke yangu,
hayalainiki.

Asubuhi nikafunga kibanda, nikashuka mjini,
nikaingia pale wanapokata tiketi za ndege.
Mkunde, mtoto wa marehemu Ndelilio, akageuza kioo cha kompyuta nione,
kana kwamba ningeona.
"Kilomita elfu sita na mia nne na ushee, mama.
Ndege ingekuwepo ya moja kwa moja, ni saa nane."
"Saa nane mchana?"
"Hapana, mama. Masaa manane ya kukaa hewani."
Nikasema, hayo ni manane kweli,
manane ya usiku, yale ya kuhesabu mabati.
"Lakini ndege hiyo haipo," akasema.
"Utashuka huku, utapanda kule, utalala kitini,
jumla saa ishirini na moja. Na viza. Na nauli ni hii."
Nikaitazama ile nauli.
Nikamuuliza habari za mama yake.

Jioni nikamwendea Mwalimu Makyao, aniazime tufe la shule.
Akalileta limefungwa kwenye kanga, kama mtoto mgonjwa.
Moshi haimo.
Vidole vya darasa la tano, mwaka hadi mwaka, vikionyesha "sisi tuko hapa",
vimeifuta pamoja na mlima wake;
pamebaki doa jeupe, laini, la ukubwa wa kifungo.

Nikakata uzi wa bluu.
Nikashikilia Maskati kwa kidole gumba,
nikauvuta juu ya milima, juu ya jangwa la rangi ya ugali wa ulezi,
hadi kwa Aikande.
Nikaulaza kwenye futikamba: inchi sita.
Zipu ya suruali ya mtoto wa chekechea.

Kisha, sijui kwa nini, nikapima toka kwenye doa letu hadi Maskati.
Inchi tatu na nusu.
Nikapima tena, labda mkono umetetemeka.
Tatu na nusu.

Kumbe Aminieli yuko karibu nami
kuliko alivyo karibu na dada yake.
Kumbe niliyekuwa jirani ni mimi,
mimi niliyekaa hapa Kiboriloni nikimfokea mtu kwa uvivu wa kuvuka bara
nisilowahi kulinusa.

Nilimpigia. Kwake saa nne usiku.
Sikuomba radhi, hatukuzoezwa hivyo nyumbani;
nilimuuliza kama amekula.
Akasema amekula.
Akasema amemtumia Aikande hela ya chai,
imefika kabla hajashuka ngazi.

Jumatatu mteja alikuja na shati la shule la mwanawe,
kifungo cha pili kimening'inia.
Uzi wa bluu ulikuwa umeniishia,
ila ule wa mezani, karibu na tufe.
Nikauchukua. Nikatunga sindano.

Sasa Maskati na Harbin
ziko kifuani kwa mtoto mmoja wa Kiboriloni,
zimezungushwa mara nne, zimekazwa fundo,
na yeye anakimbia kengele, amechelewa,
hata hajui.